Farasi wa Chumba cha Kumi na Tisa

Idwal Probert alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na saba. Mgodi wa bonde letu ulipofungwa, alinunua kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kaseti ya programu ya kutengenezea michezo ya safari. Programu ile haikuhitaji msomi. Unaiandikia vyumba, vitu na majibu, kila kimoja na namba yake. Mchezaji anasoma alipo, kisha anachapa: nenda kaskazini, chukua taa.

Idwal aliandika mgodi wetu, njia kwa njia. Chumba cha kumi na tisa kilikuwa pale dari ilipomwangukia na kumuua Haydn, mdogo wake. Hapo hakuna cha kuchukua. Unavua kofia, unaendelea. Ukipiga mluzi, farasi wa Haydn wa kuvuta mabehewa ya makaa, Bramwell, anatokea gizani na kunusa mfuko wako akitafuta mkate.

Idwal alimwazima Selwyn Hopkin kaseti ya mchezo huo. Wote tulikuwa wanachama wa klabu ya kompyuta, tukikutana Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa. Miezi mitano baadaye Selwyn alikuwa akiuza mchezo wake kwa posta, Pango la Majitu, na gazeti la michezo lilikuwa limemsifu.

Jumamosi moja alituonyesha mchezo huo. Mimi nilikuwa nagawa chai. Idwal alikaa mbele ya kompyuta, akacheza. Kulia, chini, kushoto. Mikono yake ilijua njia. Alipofika chumba cha kumi na tisa akasoma kwa sauti:

"Jitu limelala, limekufa, tumbo limepasuka na linanuka. Lipige teke upate dhahabu."

Vijana wakacheka.

"Hiyo ndiyo wanaipenda," Selwyn alisema. "Piga teke, Mzee Idwal. Usiogope, halikuumi."

"Huu ni mgodi wangu, Selwyn."

"Mgodi gani tena? Wewe bwana, kila shimo unaliona la kwako. Ulifukiwa nini huko, akili?"

Wakacheka tena. Idwal alichapa: piga mluzi.

Maandishi yakatokea. Farasi Bramwell anatoka gizani. Ananusa mfuko wako akitafuta mkate.

Kicheko kikakatika. Selwyn alikuwa amebadilisha vyumba vyote, kimoja baada ya kingine, lakini jibu la mluzi lilikaa kwenye orodha nyingine, huko mwisho, na hakuifungua.

"Huyo farasi katoka wapi?" Bibi Olwen, katibu wetu, aliuliza. "Selwyn? Bramwell namjua. Alikuwa wa Haydn."

Selwyn alijikuna shingo. "Haya, nilianzia kwenye kazi ya mzee. Kwani kuna nini? Yake ingeozea kabatini. Nitaweka jina lake kwenye jalada, chini ya langu. Umeridhika, ndugu yangu?"

Idwal alimtazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga. Asubuhi ile, tukipanda kilima kuja ukumbini, aliniambia anataka jambo moja tu: watu wajue kazi ni yake.

"Jina langu likae juu ya tumbo hilo?" alisema. "Jitu utalitoa?"

"Haiwezekani. Gazeti limelisifu hilo hilo."

"Basi mtoe farasi."

"Nini?"

"Pakia programu ya kutengenezea. Mtoe Bramwell humo. Sasa hivi, nikiona."

"Idwal, huo ndio ushahidi wako," Bibi Olwen alisema.

"Nimesikia, Olwen."

Kaseti ilipiga kelele zake za kupakia programu kwa dakika kadhaa, sisi tukiangalia sakafu. Selwyn akafungua orodha ya majibu, akafuta mistari miwili, akahifadhi upya. Idwal alichapa tena: piga mluzi. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kinachotokea.

Idwal alikwenda kwenye jiko la ukumbi, akafungua bomba la maji baridi, akanawa mikono kwa sabuni ya vyombo hadi viwiko. Nilimpa taulo. Alinusa vidole vyake, akaurudisha mkono kwenye maji.