Bega la Mrusha Pia

"Pia nikiirusha mimi, nendeni mkavune mpunga, mkoboe, mpike, mle, mlale. Mkiamka mtaikuta bado inazunguka!"

Maneno hayo Pok Su Deraman aliyatoa kwenye kipaza sauti, mbele ya vijiji vitatu, mavuno yamekwisha na sisi watu wa jimbo la Kelantan hatuna kazi nyingine ila kushindana pia. Na si zile za watoto. Yetu ni gurudumu la mbao lenye upana wa sinia dogo, limevishwa ukingo wa madini, na uzito wake ni wa mtoto mchanga aliyenona. Unaliviringia kamba, unalitupa chini kwa bega zima, unavuta kamba kwa nguvu. Kisha mwenzako analizoa kwa kibao likiwa linazunguka na kulipandisha juu ya kijiti. Itakayodumu kuliko zote ndiyo mshindi.

Basi akarusha. Pia ikaenda vizuri. Bega likalia kama kitambaa kinachochanwa, na Pok Su akakaa chini palepale, bado anatabasamu, maana kipaza sauti kilikuwa wazi.

Alituambia ni uchovu. Akaenda kukandwa kwa mafuta ya moto, akarudi bega limevimba kuliko alivyoondoka nalo. Msikitini, imamu akitoa takbira, watu wote mikono miwili masikioni. Yeye mmoja tu, kama anasimamisha teksi. Nyumbani mkewe, Mok Su Kalthom, ndiye aliyemvalisha shati.

"Inua kwapa, bingwa," alikuwa akimwambia. "Au nimwite imamu akuombee dua ya kufunga vifungo vya shati?"

Mimi ni mpwa wao, maana Pok Su na Mok Su kwetu ni kama kusema mjomba na mkewe, na kosa langu ni kuwa na gari. Nikampeleka hospitali ya mjini. Daktari, mwanamama mmoja aitwaye Sivagami, alimwonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta.

"Kano limeng'oka kwenye mfupa, mzee. Hapa, unaona? Palipaswa kuwa pameshikana."

"Nichome sindano niende zangu."

"Sindano inatuliza maumivu. Haishoni."

"Kuna mtu kaniambia mnaweka bega la chuma."

"Hilo ni la mtu ambaye kiungo kimelika. Chako bado kizuri." Akavuta kiti karibu. "Wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi tu, bila kisu. Wengine tunawashona kupitia vitundu vidogo, tunalifunga kano kwenye mfupa wake. Inategemea. Wewe bega unalitaka la kufanyia nini?"

"La kuswalia," akasema Pok Su, uso mtakatifu kabisa.

Nikakohoa.

"Na huyu alisoma diploma nusu, nusu nyingine akasomea kukohoa," akanipiga dongo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na la kurushia kitu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kilo tano."

Daktari alimtazama hadi Pok Su akaanza kukagua kucha zake. "Nitakushona," akasema mwishowe. "Lakini uzi wangu ni wa kushikilia tu. Kano lenyewe ndilo linalojiotesha tena kwenye mfupa, na linajiotesha polepole. Mwezi na nusu mkono uko kwenye kitambaa shingoni, hunyanyui hata kikombe. Baada ya hapo mazoezi, miezi kadhaa. Na hiyo pia kubwa siiahidi."

Akashonwa. Alilala amekaa kitini, anakoroma kama mlinzi wa benki. Asubuhi, kwa agizo la daktari, alikitoa kitambaa kidogo, akainama, mkono ukining'inia, akauacha upepee mbele na nyuma kama mkonga wa tembo. Mok Su alikuwa akimrushia ndizi.

Kilichotaka kumponza ni kamba. Kwetu kamba ya mrushaji haiguswi ovyo. Akiirithi mwingine, mwenyewe ndiye anayeiviringa mara ya kwanza, la sivyo watu wanaamini pia itayumba. Nawi, aliyeshika nafasi yake kikosini, alikuja na heshima zote kuiomba. Pok Su akautoa mkono kwenye kitambaa.

"Pok Su, daktari alisema..." nikaanza.

"Alisema nisirushe. Huku ni kuviringa."

Na kamba ya pia haiviringwi kwa upole. Inavutwa mpaka mbao ilie. Alipovuta mzunguko wa tatu, uso wote ukawa majivu. Njia nzima ya hospitali hakunitukana hata mara moja, ndipo nikaogopa kweli.

"Nikiwa nimelikata," aliniambia tukiwa kwenye benchi, "sitarusha tena hata jiwe."

Daktari alipitisha kifaa chake juu ya bega, polepole, huku na huku, macho kwenye kioo. Mok Su, aliyekuja nasi, aliacha kutafuna.

"Nyuzi zimeshika," akasema. "Umeamsha maumivu tu. Nani alikwambia kamba si kazi?"

"Ni mila, daktari."

"Mila ikatafute bega lake, mzee. Hili nimelishona mimi."

Toka siku hiyo Mok Su alikifunga kile kitambaa kwa fundo ambalo yeye tu ndiye aliyejua kulifungua. Kilipotolewa kwa ruhusa, mazoezi yakaanza: vidole vikapanda ukuta wa jikoni kama mjusi mvivu. Kwanza vilikomea kwenye swichi ya taa. Vikafika kalenda. Pok Su alitukana ukuta, akamtukana mtaalamu wa mazoezi, akanitukana mimi niliyekuwa nakunywa chai yangu. Vikaipita kalenda. Kisha zikaja kamba za mpira za kuvuta, nazo zikatukanwa. Ijumaa moja imamu akatoa takbira, na mikono yote miwili ikafika masikioni. Nawi, aliyesimama pembeni yake, anakiri swala yake ilivurugika hapo.

Daktari alilipima bega, akalisukuma, akalivuta. "Rusha," akasema. "Ndogo. Ile kubwa tutaizungumza mwakani."

Tukapitia sokoni. Pok Su alizipima pia za watoto mkononi moja moja kama anayenunua samaki, muuzaji akichoka naye. Uani kwake akaviringa kamba, akavuta pumzi, akarusha kwa mkono wa kulia. Ikasimama wima juu ya udongo, ikizunguka, kimya. Mok Su alitoka jikoni na mwiko mkononi, akachuchumaa kuitazama. Ilipolala, Pok Su akaiokota kwa mkono uleule, akaanza kuviringa tena.

Na yote hayo kwa pia ya watoto, ya mti wa mpera: ringgit kumi na mbili tu, bei ya chakula cha mchana.