Kiti cha Bwana Mifugo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spika hata moja. Nilikabidhiwa betri. Mkuu wa Kitengo cha Sinema pale Musoma, mtu mfupi aliyependa kuchomekea hata siku za kufagia, alinipa betri moja ya tochi, akanionyesha mfuko wa shati ninamotakiwa kuiweka.

"Hii si ya tochi," alisema. "Nikiikuta kwenye tochi yako, kazi huna."

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Betri nzima ilikuwa kitu cha kuficha, na zilizokufa watu walizianika juani ili zimalizie walau taarifa ya habari. Yetu ilikuwa kipimo. Ndani ya spika kuna karatasi iliyokunjwa mfano wa bakuli. Ukigusisha betri kwenye waya mbili za spika, karatasi hiyo huruka mbele au hurudi nyuma. Ikiruka mbele, waya uliogusa kichwa cha betri ndio chanya, na hapo tulifunga fundo, kwa sababu waya tulizokuwa tukipata zilikuwa za rangi moja pande zote mbili. Kazi ya fundo ilikuwa kuhakikisha spika zote zinasukuma hewa pamoja. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zinakulana. Besi inapotea, na mtu anayesema anakuwa kama yuko kila mahali na hayupo popote.

Kitengo kilikuwa na gari moja la sinema. Tulionyesha filamu za kilimo Butiama, Bunda, na mara moja kisiwani Rukuba, ambako mashine ilivuka ndani ya mtumbwi ikiwa imefungwa turubai huku sisi wenyewe tukilowa. Kila tulipofika, Mkuu hakukaa karibu na mashine. Alikwenda katikati ya watu, akakaa chini na suruali yake iliyopigwa pasi, akasikiliza kutoka pale, kisha akanipungia mkono niongeze au nipunguze.

"Fundi anakaa wanapokaa watu," aliniambia. "Ukikaa kwenye mashine, utasikia mashine tu."

Niliona ni jambo dogo, nikaliitikia kama unavyoitikia salamu.

Serikali ilipoanza kupunguza watumishi, gari letu lilikuwa limeshapandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mkuu alistaafu, akarudi kwao. Betri nilibaki nayo, ingawa ilikuwa imekufa siku nyingi.

Nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, hapohapo Musoma. Lilikuwa duka la chumba kimoja na kaunta moja, lakini mwenyewe alitaka tumwite Mkurugenzi, nasi tukamwita. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia tu vikawa vimepangwa dirishani: televisheni za rangi, deki, na baadaye kile watu walichokiita muziki wa spika tano. Mbili zinakaa mbele, kushoto na kulia. Moja inakaa juu ya televisheni kwa ajili ya maneno ya watu. Mbili zinakaa nyuma ya msikilizaji, na filamu ikiwa na mvua, unanyeshewa kisogoni. Amplifaya yenyewe ilikuwa na mlio wa kupimia, kama mvua juu ya bati, unaotoka spika moja, unahamia nyingine, mpaka unamaliza mzunguko. Kazi ya fundi ni kusawazisha ili mlio ule usizidi upande wowote. Nilijiona nimefika. Betri niliitupa kwenye droo.

Muziki wa kwanza wa spika tano kuuzwa Bunda ulinunuliwa na Bwana Mifugo mstaafu. Ng'ombe wa nusu ya wilaya walipita mikononi mwake akiwachanja, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliishi na binti yake Nyamisi. Mke wake alikuwa amefariki, na alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Alichoacha ni kaseti moja, ambamo kwaya ilirekodiwa kanisani kwa mashine nzuri ya wageni, yeye akiwa amesimama katikati mbele ya wenzake. Nakala nyingine haikuwepo.

"Radio yangu ya zamani ilikuwaga inamfanya aimbe kama yuko ndani ya debe," Bwana Mifugo aliniambia. "Nataka nimsikie kabla na mimi sijaondoka. Basi."

Nilifunga kwa makini, au ndivyo nilivyodhani. Waya wa spika ya kulia haukufika, nikauunga nyuma ya kabati. Halafu ikaja kazi ya kusawazisha, ambayo hufanyiwa pale anapokaa msikilizaji. Bwana Mifugo alikuwa na kiti chake cha mbao chenye mikono, kimewekewa kitambaa cha kufuma. Mimi ni mtoto wa kandokando ya ziwa, na nyumbani kwetu kiti cha baba hakikaliwi na mtu mwingine mwenyewe akiwa hai. Ni kama kumharakisha. Hata kukisogeza nisingethubutu. Nikavuta kigoda, nikakaa pembeni. Kutoka hapo mlio ulizunguka vizuri, spika moja baada ya nyingine, zote sawa. Nikatangaza kuwa tayari.

Mzee akakaa. Nyamisi akaweka kaseti. Kwaya ikaanza, pana na nyembamba, ikaelea ukutani. Sauti ya mwimbishaji ilipoingia, haikuwa na mahali pa kusimama. Bwana Mifugo alisikiliza ubeti mmoja, akanyoosha mkono binti azime.

"Siyo huyu," alisema.

"Baba, ni kaseti ileile."

"Basi imeharibika. Imekaaga sana kwenye joto." Alisema taratibu, akiangalia mikono yake. "Mama yako ameisha na humo."

Nasema wazi kwamba niliogopa. Sikumwogopa Mkurugenzi. Niliogopa kwamba mzee yule alikuwa anamzika mkewe mara ya pili mbele yangu, na huenda kosa lilikuwa langu. Ule mlio wa kupimia hutoka spika moja moja. Unaweza kukuambia spika zina nguvu sawa, lakini hauwezi kukuambia kama zinasukuma pamoja. Kitu pekee cha kuniambia kilikuwa sikio langu, likiwa mahali panapostahili.

"Mzee," nikasema, "naomba nikae kwenye kiti chako."

Nyamisi alinitazama kama niliyetukana. Bwana Mifugo akashika fimbo yake, akainuka.

"Kaa. Hata wanangu hawajakaaga hapo. Wewe kaa."

Nilikaa nusu ya matako. Binti akawasha, na kabla ubeti haujaisha nilishajua. Niliinuka, nikaenda nyuma ya kabati, nikafungua kiungo changu. Nilikuwa nimepishanisha waya, zote mbili za rangi moja, bila fundo la kuzitofautisha. Nikaugeuza.

Mzee akarudi kitini. Safari hii besi za wanaume zilikanyaga chini, na mwanamke akasimama mbele yao. Bwana Mifugo akafumba macho.

"Yupo," alisema. "Ila amesogea kushoto. Mlete huku kulia."

Hakuwa amesogea. Nilisimama nyuma ya kiti chake na nilimsikia katikati kabisa. Lakini nikazungusha kitufe kulia kidogo, kisha kidogo tena, mpaka aliponyanyua kidole.

"Ndiyo huyu."

Alilia bila kujificha, na Nyamisi akalia, nami nikajishughulisha na kukunja waya. Lakini walipotoka kwenda kunitafutia kuku wa kuondoka naye, nilirudisha kitufe katikati. Mkurugenzi alikuwa apite kesho yake kukagua, na sikutaka aone kazi yangu imelalia upande. Kipimo kilikuwa upande wangu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Nyamisi sokoni Mwigobero, akichagua dagaa. Baba yake alikuwa ameshafariki. Alinishukuru, akasema mzee alisikiliza kaseti ile kila Jumapili hadi mwisho.

"Ila kile kiti," alisema akicheka. "Alikuwaga anakivuta kulia mpaka kinagusa dirisha. Tukikirudisha, anakivuta tena. Uzee!"

Nikacheka naye.

Nimestaafu sasa. Mwaka huu wanangu walininunulia spika mpya, na duka likamtuma fundi wake, binti mwenye simu inayopima sauti. Alikaa kwenye kiti changu bila kuuliza. Nilifungua mdomo nimfokee, nikaufunga. Alipomaliza akanipisha, akaweka wimbo. Nikamwambia mwimbaji ameegemea kulia.

"Hapana babu, yuko katikati. Simu inaonyesha."

"Ongeza kushoto."

Akaongeza kidogo. "Bado," nikasema. Akaongeza tena, uso wake ukiwa na subira ile ninayoijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuivaa mimi. Sikio langu la kushoto ndilo nililokuwa nikiliweka kwenye spika za gari la sinema, na limekwisha. Mwimbaji akaja taratibu, akasimama mbele yangu.

"Acha hapo," nilimwambia. "Na ukiondoka, usikirudishe kitufe katikati."

"Siwezi kukirudisha, babu," alisema.

Nilikuwa Bunda, nimeshika kitufe cha mtu mwingine.