Uji wa Jiwe

Mzee Peku hakupewa jina hilo bure. Nesi alipomwambia kwamba presha imepanda na asipojiangalia itamwangusha, mzee huyu, mtunza ghala mstaafu, alirusha viatu juu ya kabati akatangaza kwamba kuanzia sasa ataishi kama babu zake. Sukari marufuku. Mafuta ya chupa marufuku. Godoro akaliacha, akahamia mkekani. Kila asubuhi aliuzunguka mtaa miguu mitupu, akisalimia mlango kwa mlango na kumhubiria yeyote aliyekosea kumuuliza hali.

Ni jambo jema, nani atabisha? Tatizo lilikuwa unga. Unga wa mashine, alisema, umeuawa na joto. Mtama wake usagwe kwa jiwe. Sasa jiwe nalo halijisagii lenyewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Kutwa kainamia cherehani, jioni anafika nyumbani, hata maji hajanywa, anapiga magoti mbele ya jiwe. Sukuma, vuta, sukuma, vuta. Bega la kulia likaanza kuuma, kisha shingo, kisha vidole vikawa vinakufa ganzi. Alikuwa amechoka, jamani, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Siku moja akapitia mashineni kimyakimya. Mzee akaonja uji kijiko kimoja, akatuliza ulimi.

"Mama watoto, huu ni wa mashine."

"Umejuaje?"

"Hauna chenga. Babu zangu wasingeula."

Akasogeza bakuli pembeni, akalala na njaa yake, tena bila kununa. Angenuna ingekuwa afadhali. Kesho yake mama wa watu akarudi kwenye jiwe.

Kule karakana, msimamizi aliinua shati alilotoka kulishona, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, mshono unayumba. Wiki ya pili hii."

"Ni bega tu, bosi. Litapoa."

"Lisipopoa nitakuhamishia kwenye kukata nyuzi. Kiti chako nitampa mwingine."

Kukata nyuzi ni kazi ya wanaojifunza. Yeye alikikalia kiti kile tangu mtoto wao wa kwanza ananyonya, na ndicho kilichosomesha wote. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliogopa, akajionea aibu kwa kuogopa.

Ijumaa akamsindikiza mzee zahanati. Nesi akamfunga mkanda wa kipimo, akatabasamu. Presha imeshuka, uzito umepungua, mzee endelea hivyohivyo. Mzee Peku akaanza kumsimulia habari za mtama. Nesi, labda ili apumzike na mahubiri, akamgeukia mama.

"Hebu na wewe nikupime, mama."

Akapima. Akapima tena mkono wa pili. Safari hii hakutabasamu.

"Mama, yako iko juu kuliko ya mzee alipokuja mara ya kwanza. Unapumzika kweli?"

Mama akashusha mkono wa gauni, akainuka. Angeanzia wapi?

Walirudi kwa miguu, mzee mbele, peku, mwepesi kama kijana. Walipoingia ndani akamshika mkewe mkono, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Nimeumia, mama watoto. Kuanzia kesho na wewe uingie kwenye chakula changu. Tutapona wote."

"Mtama wa jiwe?"

"Wa jiwe, ndiyo."

"Na mimi nani atanisagia?"

Mzee akashangaa swali lenyewe.

"Si upo?"

Mama akamtazama usoni. Alitafuta mzaha pale, hata chembe, hakuuona. Akaingia chumbani, akajilaza kitandani na nguo zake za kutokea, jua likiwa bado juu. Baadaye akasikia anaitwa kutoka jikoni, kwa upole uleule, mzee akiuliza uji utakuwa tayari saa ngapi. Hakuitika.