Alichokiitikia Sedekia

Sedekia Kalinga alikuwa na miaka thelathini na minane alipokwenda kuketi darasani na vijana wa umri wa kumwita baba mdogo. Kabla ya hapo alipasua mbao Mafinga, miaka nenda rudi mbele ya msumeno wa mashine, akila vumbi na kelele. Baba yake, mzee Aroni, mwinjilisti wa Kilutheri, ndiye aliyemng'ang'aniza aachane na msumeno kabla haujamla mkono kama ulivyowala wenzake. Basi akaomba nafasi katika chuo cha ufundi mjini Mbeya, kozi ya ujenzi, akaipata. Akamuaga mkewe Veneranda na mtoto wao Brayson, akaenda.

Asichokijua mzee Aroni ni kwamba msumeno ulikwisha kumla mwanawe, ila si mkono. Masikio ya Sedekia yalikuwa yanakufa polepole. Kiwandani hayakumsumbua, maana pale watu huongea kwa ishara, na nyumbani alisoma midomo. Darasani ndipo yalipomuumbua. Vipindi vilianza saa mbili asubuhi vikaisha saa kumi na moja jioni, na kutwa nzima alikuwa akiwinda maneno kwenye midomo ya mwalimu. Mwalimu Timotheo alikuwa na tabia ya kufundisha huku ameugeukia ubao. Akigeuka huko, somo limekatika. Akirudi, wenzake wako kwingine, pengine wanacheka, na Sedekia anacheka nao bila kujua anacheka nini.

Kufika mchana kichwa kilikuwa kinamgonga na shingo imekakamaa kwa kuinama mbele. Vijana walidhani mzee anasinzia kwa sababu ya umri, naye akawaacha wadhani hivyo. Aliogopa kwamba akisema, ataambiwa arudi kwao. Siku alizozipenda ni za mvua kubwa. Ikiteremka juu ya bati, hakuna aliyemsikia mwalimu, darasa zima likawa kama yeye, akapumzika.

Mtu mmoja tu alimgundua. Huyo ni Lea, binti ambaye mama yake huuza viazi soko la Mwanjelwa. Alikuwa amemwita mara kadhaa kutoka nyuma bila kujibiwa. Hakuuliza kitu. Alihamisha kiti, akaketi kando yake, na tangu siku hiyo akawa analaza daftari lake pale ambapo Sedekia angeweza kulisoma.

Kila jioni alirudi kwenye chumba alichopanga, akajitupa kitandani na viatu vyake. Wakati huo ndipo Veneranda alipokuwa akipiga simu. Sedekia alisikia mvumo, kama nyuki mzingani, na neno moja moja. Kusema "rudia" kila mara aliona haya, na kutwa nzima alikuwa ameshachoka kusikiliza. Akajifunza kuitikia. Sauti ya mkewe ikipanda, alisema "Kweli?" Ikishuka, alisema "Vizuri." Veneranda aliona mumewe anapoa. Alimwambia dada yake kwamba chuo kinamharibu mtu.

Jioni moja mwezi wa tatu simu iliita. Katika mvumo ule Sedekia aliambulia neno "baba", akadhani ni salamu za mzee.

"Vizuri, Mama Brayson," alisema. "Nimechoka leo. Tutaongea kesho."

Simu ikakatwa upande wa pili.

Kesho yake, kipindi kikiendelea, ukaingia ujumbe wa mdogo wake Fanueli: mzee ametutoka asubuhi hii, ulikuwa unasubiri nini? Sedekia aliusoma, akausoma tena. Akainuka na kutoka nje bila kuomba ruhusa.

Msibani Mafinga mama yake alimpokea kwa kilio. Ndugu zake walimpa mkono bila kumtazama. Siku ya maziko kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata mifupa, na mchungaji alihubiri amejizungushia skafu mpaka mdomoni. Sedekia alisimama kando ya kaburi, macho kwenye ile skafu. Hakuambulia hata neno moja la kumuaga baba yake.

Watu walipopungua, Veneranda alimfuata nyuma ya jiko.

"Nilikwambia baba amezidiwa, anakuita," alisema. "Ukanijibu vizuri."

"Sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Sisikii, Mama Brayson. Simu siisikii, darasani sisikii. Naitikia tu."

Veneranda aliuliza tangu lini, naye akamwambia ni tangu Brayson akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwanamke akainamisha uso, akasema jambo akiwa anatazama chini. Halikumfikia. Safari hii Sedekia alimwomba arudie.

Veneranda akainua uso. "Nimesema, baba amekufa akijua umekataa kuja."

Mama yake aliamini habari ya masikio. Fanueli alisema kila mkosaji ana kisingizio, akanyanyuka akaenda zake.

Aliporudi Mbeya, Sedekia alimweleza mwalimu Timotheo yote. Hakufukuzwa kama alivyoogopa. Alipelekwa kupimwa, na daktari akamwandikia kwenye karatasi, maana kusema naye kulikuwa kazi: kilichokufa hakifufuki, kifaa kitasaidia kidogo, asubiri zamu yake. Anasubiri mpaka leo. Mwalimu hujitahidi kuligeukia darasa, kisha husahau. Vipindi bado vinaisha saa kumi na moja, na kichwa bado kinamgonga. Kuna siku anapokuwa katikati ya somo fikra zinamtoroka kwenda Mafinga, kwa mzee anayeuliza kama Sedekia amefika. Hapo hata midomo haioni tena.

Mtihani wa mwezi wa sita alifaulu masomo manne, mawili atayarudia. Alimwandikia Veneranda hivyo. Siku hizi huandikiana tu, kwa maneno machache. Jibu lilimfikia akivuka uwanja wa chuo kwenda kipindi cha mwisho: viazi vimeungua na baridi, Brayson anakohoa, Fanueli bado hataki kukusikia, wewe soma.