Mtandao Haukukatika

Nakumbuka alasiri ya kwanza niliyofungwa na Maganga. Tulikuwa vijana, tukicheza drafti la vizibo karibu na stesheni ya Kingolwira, watu wametuzunguka. Nilipoona nimebakiwa na vizibo viwili naye ana sita, nilipitisha mkono ubaoni nikavichota vyote, nikasema kuna aliyenisukuma. Mzee mmoja, fundi baiskeli, aliyekuwa akitazama, hakupandisha sauti. "Vizibo umevichota, kijana," alisema. "Sasa chota na macho yetu." Nikaona haya. Nikampa Maganga mkono, na tangu siku ile tukawa marafiki kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba siku ile nilijifunza kushindwa. Sikujifunza. Nilijifunza tu kwamba watu wanaona.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, mimi Mluguru, kwa hiyo tulikuwa watani. Unaujua utani wetu: yeye ataniita mbuzi wa mlimani, mimi nitamwita mpagazi wa babu yangu, na hakuna wa kukasirika. Uzeeni nilirudi Mgeta kulima kabichi kwenye shamba la ukoo wa mama yangu, yeye akabaki Mwembesongo na mkewe, Mama Kulwa. Binti yao, Kulwa, ndiye aliyetuwekea sataranji kwenye simu, ili tusiachane. Kila jioni nilikaa kwenye ngazi za kanisa, mahali ambapo mtandao unashika vizuri, naye akakaa barazani kwake. Tulipangiana nusu saa kila mmoja, na saa ya mchezo ikawa inahesabu kwa zamu; mwenye kuishiwa dakika zake ameshindwa.

Juma moja alikuwa amenifunga mara nne mfululizo. Mara ya tano nikampoteza malkia kwa uzembe wangu mwenyewe. Maganga akaniandikia: "Mbuzi, kamba imefika mwisho. Shuka." Ulikuwa utani, tena mzuri, na siku nyingine ningecheka. Siku ile moyo ulichemka. Kuna kitufe cha kukubali kushindwa, na nilijua kilipo. Sikukibonyeza. Wala sikucheza. Nilikuwa nimebakiwa na dakika ishirini na mbili. Nikaiweka simu chini, nikamwacha azitazame zote zikiisha moja moja. Nilijua anasubiri, kwa sababu Maganga hakuwa mtu wa kuondoka mchezoni. Nami nilikuwa nimekaa palepale kwenye ngazi, nikimenya chungwa.

Baadaye akapiga simu kuuliza kama niko salama. Nikamwambia mvua imeharibu mnara, mtandao wa huku unakuja na kuondoka. Akanipa pole. Pole ile ilinichoma kuliko utani wake, na kwa kuwa sikuwa na moyo wa kusema kweli, sikufungua mchezo kesho yake, wala juma lililofuata. Alipiga tena mara mbili. Niliona jina lake kwenye simu, sikupokea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa majuma sita, na mwisho wake Kulwa alinipigia asubuhi kuniambia kwamba baba yake ametutoka. Alikuwa akiumwa muda wote huo.

Nilishuka mjini. Pale msibani Mama Kulwa alinishika mkono akasema, bila lawama yoyote, "Shemeji Mkude, alikuwa anakungoja. Kila jioni anafungua simu, anasema mtandao wa Mgeta ukirudi, yule mbuzi atatokea."

Desturi inamtaka mtani amwigize marehemu, atembee kama yeye, awape wafiwa kicheko kidogo. Watu wakaniita nisimame. Ningeweza kuigiza kuchechemea kwake, nikala, nikapanda zangu mlimani, na hakuna ambaye angejua chochote mpaka naingia kaburini. Nilisimama nikasema, "Mtandao haukukatika. Alinifunga, nikamwachia saa itembee kwa hasira, kisha nikamdanganya."

Watu wakacheka sana. Maneno ya mtani msibani ni mzaha, nani angeniamini? Bibi mmoja akasema Waluguru hawa wanadanganya hata maiti, wakacheka tena. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, mwanangu. Ningekaa chini tu, basi. Nikarudia mara ya pili, kicheko kikapungua. Mara ya tatu sikuwatazama watu, nilimtazama Mama Kulwa.

"Shemeji, huu si utani. Simu zake niliziona. Sikupokea."

Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alisema, "Basi alikufa akikuamini. Huo mzigo ni wako, mimi siwezi kukusaidia kuubeba." Kisha akamwambia Kulwa aniletee kiti.

Nimeubeba, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayecheza na watu usiowaona. Ukishindwa, cheza mpaka mwisho au bonyeza kitufe, umwambie mwenzako, "Umenifunga, ahsante." Usimwachie saa itembee. Zile dakika unazomkomoa nazo ni za maisha yake, na hujui amebakiwa na ngapi. Usiusingizie mtandao, wala simu, wala mvua. Na ukimtukana mtu usiyemjua, usiseme ni utani. Utani una mwenyewe, na mwenyewe ni yule atakayekuja kukuzika. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nimeona kwamba hata urafiki humshinda.

Bado nacheza. Jana alinifunga mtu ambaye hata nchi yake siijui, na hasira ikaja ileile, maana uzee hauiui. Nikakibonyeza kitufe. Kesho ikinipasa nitakibonyeza tena, na keshokutwa.

Mungu akujalie watu wa kukushinda, mwanangu, akujalie na kinywa cha kuwaambia hivyo wangali wanakusikia.