Macho ya Mwali

Mwanangu hasikii. Homa ya utotoni ilichukua masikio ikamwachia macho, na macho yale yalifanya kazi ya viungo viwili. Alinisoma uso kabla sijafungua mdomo. Nikiwa na hasira alijua mapema akajificha nyuma ya pipa la maji, nami ni mtu wa hasira, kila mtu hapa Ziwani anajua.

Shule ilimpokea kwa sababu siku hizi mtoto mwenye ulemavu harudishwi nyumbani. Ndiyo sera, inaitwa elimu jumuishi. Mwalimu wa lugha ya alama hatukumpata. Tulipata dawati la mbele na mwalimu mmoja wa kike, mgeni kutoka bara, ambaye akifundisha hulitazama darasa na kutamka polepole. Kwa midomo ile binti yangu alijua kusoma na kuandika. Siku moja aliniandikia kwa mkaa ukutani: "Mama punguza kelele." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwetu mtoto ana mjomba kwanza, baba baadaye. Likizo ilipofika kaka yangu alikuja.

"Dada, mwaka huu mwali wetu tumcheze."

"Nyimbo za unyago atazisikia kwa kitu gani, kwa magoti?"

"Kwa miguu," akajibu, wala hakutania.

Nilifurahi, tena sana. Zamani watoto kama yeye waliachwa, na mwanamke asiyechezwa haitwi penye uzazi wala penye msiba. Kungwi alimsimamisha pekupeku karibu na ngoma mpaka mdundo ukampanda miguuni. Kila neno alimfunda kwa mikono, kwa subira ambayo mimi mama yake sina. Sijaona mtu akijumuishwa namna ile, na hakuna aliyeandika sera.

Siku ya kutolewa alivikwa kanga mpya, vigelegele vikapigwa, naye akatoka ameinamisha macho. Ndiyo adabu: mwali hamtazami mtu mzima usoni. Wenzake nao waliinama, lakini wao wana masikio. Wangu alifundwa mara mbili ya wenzake, akashika mara mbili.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alisema na utosi wa mwanangu. Alimgusa bega, alimwinua kidevu. Macho yakabaki kwenye dawati. Mwalimu mkuu alinisifia, eti binti ana heshima siku hizi. Nilitamani kumtukana.

Nilikwenda kwa kungwi nikamwomba amfundue, ainue macho tena. Yule mama alilia kabla yangu.

"Nimwambieje, mwanangu? Ananiinamia, haitazami tena mikono yangu."

Kweli, haitazami. Kungwi ni mtu mzima kuliko wote. Na kaka yangu alisema kilichofundwa hakifunduliwi, ukianza na mmoja watafuata wote. Nilimwandikia binti ukutani, kwa mkaa uleule: "Nitazame, ni mimi mama yako." Alisoma, akachukua mkaa, akaandika chini yake: "Mimi mkubwa sasa." Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mwaka haukuisha akaacha shule mwenyewe. Hakuna aliyemkataza. Asubuhi anabeba jembe tunakwenda kwenye mihogo, analima vizuri, wapita njia wananipongeza kwa malezi. Mimi nasema na kanga iliyo mgongoni mwake.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Alikuwa ameketi mkekani akimenya mihogo. Nilipiga magoti mbele yake, nikainama mpaka uso wangu ukawa chini ya wake, ili popote atakapotazama anikute. Alishtuka. Mama kumpigia magoti mwali ni aibu kubwa, na hilo pia alifundwa. Akaweka kisu pembeni, akainama kunizidi, akalala kifudifudi mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Nikamwambia yote niliyotaka kumwambia, nikiutazama mgongo wake.