Mshenga wa Ng'ombe na Glavu za Umeme

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu ungali umeilalia barabara ya mlimani, na mama wa miaka hamsini na moja anasimamisha pikipiki kuukuu mbele ya zizi. Hazimi injini mara moja. Anatazama kwanza kijisaa cha volti kwenye usukani, anaridhika, kisha anachomoa waya wa glavu na kuzivua. Vidole vyake vina joto kama vimetoka kushika kikombe cha chai.

"Karibu, Mshenga," mwenye zizi anamwambia. "Bibi harusi yuko tayari tangu jana jioni."

Bibi harusi ni ng'ombe. Kazi ya mama huyu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume, na baada ya miaka kumi na tisa wafugaji wengi hawalijui jina lake jingine. Mbegu huzibeba nyuma, katika mtungi wenye baridi kali. Mkono mmoja huingia ndani ya ng'ombe kupapasa njia, mwingine husukuma mrija. Macho hayana kazi hapo.

"Vidole vikifa ganzi, mimi ni kipofu," anasema.

Na ganzi ilimjia. Mwaka juzi, msimu wa baridi, alikuwa akifika mazizini na vidole vyeupe kama chaki. Kati ya kila ng'ombe kumi aliowahudumia, sita walirudi kwenye joto, yaani mimba haikushika. Mjane mmoja, mwenye ng'ombe mmoja tu, alimwambia bila kupepesa macho: "Dada, hii ni mara ya tatu. Kama umechoka, sema, tutafute mwingine."

"Yaliniuma," anakumbuka, "kwa sababu alikuwa na haki."

Mdogo wake anayeishi nchi ya mbali alimtumia glavu na koti vyenye nyaya za kupasha joto. Akaviunganisha kwenye betri ya pikipiki, akaondoka anachekelea. Siku ya pili taa ilififia, honi ikakoroma kama chura, na katikati ya mlima pikipiki ikazima. Aliisukuma kilomita nne na mtungi wake.

Mumewe akamshauri aiuze. Yeye akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi umeme wa magari.

"Shemeji, hiki chombo ni cha zamani," fundi alimwambia baada ya kupima. "Umeme wake ni wa kuwashia taa, si wa kupikia."

"Basi nipigie hesabu ya huo uliopo," akajibu, akavuta kigoda, akakaa.

Fundi akaandika kwa chaki sakafuni. Injini ikienda kasi, hutoa wati tisini hivi. Taa kubwa hula thelathini na tano. Plagi, taa ya nyuma na kuchaji betri, thelathini. Zinabaki ishirini na tano. Koti peke yake linataka sabini na tano. Glavu, ishirini na nne.

"Glavu zinaenea!"

"Zinaenea kwa kubana pumzi. Ukipunguza mwendo tu, umeme unashuka nusu."

Koti likaachwa, mumewe hulivaa bila waya na anadai linatosha. Fundi akang'oa taa kubwa, akaweka ya wati kumi na mbili, akavuta waya mpya wenye fyuzi na swichi. Jaribio la kwanza fyuzi iliungua, waya ulikuwa umesagika kwenye fremu. Wakarudia. La tatu ndilo lililokubali.

"Volti zikishuka chini ya kumi na mbili na nusu, nazima glavu," anaeleza. "Barabara ikinyooka, nawasha. Siku hizi ni kama kubadili gia."

Msimu uliofuata, waliorudi kwenye joto walikuwa watatu kati ya kumi. Ng'ombe wa mjane alishika mimba. Mwenyewe alipiga simu: "Huyo shemeji yako fundi, ana mke?"

"Anaye, na ana wivu!"

Sasa Mshenga ameomba chama cha wafugaji kimpe upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa mbili, ambako hakuna mpandishaji anayekwenda miezi ya baridi, nacho kimekubali. Mumewe amemuuliza kama huo ni umri wa kuongeza safari.

"Nina miaka tisa kabla ya kustaafu," anasema, akikaza mipira ya kufungia mtungi. "Kule kuna ng'ombe mia mbili. Jumatatu naanza na wa kwanza."